Babu ana presha, aachwe aangalie filamu za mapigano?

Jumamosi moja saa tisa alasiri, katika nyumba moja ya mtaa wa Viwanja Sitini mjini Ifakara, milio ya risasi ilisikika mpaka barabarani. Mama mwenye nyumba alikuwa anarudi kutoka Lupiro, ng'ambo ya Mto Kilombero, alikokwenda kununua mpunga. Alishuka kwenye bodaboda, akasimama mlangoni bila hata kubisha hodi.

Sebuleni, baba yake mzazi mwenye umri wa miaka 71 alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, ngumi amezikunja, macho yote kwenye televisheni. Kulia kwake mjukuu wa kiume wa kidato cha tatu, kushoto mjukuu wa kike wa darasa la tano. Kwenye kioo, kifaru cha jeshi kilikuwa kinashuka kutoka angani kikiwa kimening'inia kwenye miamvuli, na waliomo ndani wakifyatua mzinga huku kinaanguka.

“Nani kamwekea baba hiki kitu?” mama aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Mzee ndiye aliyesema, bila kugeuza shingo: “Ngoja kwanza, mama. Kinakaribia kutua.”

Hasira ya mama huyo ilikuwa na sababu. Miezi miwili kabla ya siku hiyo alimchukua baba yake kutoka Mlimba baada ya kuambiwa kwamba presha yake imekuwa juu na anaishi peke yake. Tangu mzee afike Ifakara, nyumba nzima iliwekewa utaratibu. Mechi ya Simba na Yanga asiangalie. Taarifa ya msiba aambiwe taratibu, tena baada ya kula. Watoto wasipige kelele. Habari za mashamba na kesi za mipaka zisifike masikioni mwake. Filamu za mapigano ndiyo kabisa, kwa sababu “zitampandisha presha.”

Mama alifanya yote hayo kwa mapenzi. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo katika miezi yote miwili hakumuuliza baba yake, na ndilo lililokuwa la hatari kuliko kifaru kile.

Filamu yenyewe

Filamu waliyokuwa wanaangalia inaitwa The A-Team. Ilitoka mwaka 2010 ikiongozwa na Joe Carnahan, na ni marudio ya tamthilia ya televisheni ya Marekani ya jina hilo hilo iliyorushwa kuanzia mwaka 1983 hadi 1987. Kisa chake ni cha wanajeshi wanne waliohukumiwa kwa kosa ambalo hawakulitenda, wakatoroka na kuanza kuwasaidia watu huku wakiwindwa. Katika tamthilia ya zamani walikuwa wametoka vita vya Vietnam. Filamu imewahamishia Iraq.

Mzee aliijua tamthilia hiyo kabla mwanawe hajaanza shule. Alikuwa mfanyakazi wa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 inayotoka Dar es Salaam, kupita Ifakara na Mlimba, hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Miaka ile Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwaka 1973, na ya rangi, lakini Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994. Zambia ilikuwa nayo tangu kabla ya uhuru wake. Hivyo mfanyakazi wa reli akivuka Tunduma alikuwa anaingia kwenye nchi ya picha. Mzee anasimulia kwamba kule Kapiri Mposhi alikuwa na rafiki mwenye deki ya video na kanda za tamthilia hiyo, na kila zamu ilipomwangukia kulala kule, walikaa wanaume kumi chumba kimoja wakimwangalia Mr. T na mikufu yake ya dhahabu.

Kwa hiyo mjukuu alipoiona filamu hiyo kwenye flashi ya rafiki yake, ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili na DJ mmoja kwa mtindo ulioanzishwa na kina Lufufu, na akataja jina lake mbele ya babu, mzee aliweka kikombe chini.

“Wale watu wa gari jeusi lenye mstari mwekundu?”

“Ndiyo hao hao, babu. Ila hawa wapya.”

“Wapya nani? Weka tuwaone.”

Walisubiri mama aende Lupiro.

Nusu saa ya kwanza mzee alilalamika tu. Huyu siye Hannibal, Hannibal alikuwa na nywele nyeupe. Aliambiwa huyu ni Liam Neeson, naye ana mvi pia, angoje. Huyu siye B.A., B.A. ni Mr. T, na asiye Mr. T ni mtu tu. Aliambiwa huyu ni Quinton Jackson, mpiganaji wa kweli wa ulingoni. Gari jeusi lilipoharibiwa mapema tu, mzee alipiga paja: “Wameua gari!” Mjukuu wa kike, ambaye babu humwita mchumba, alicheka mpaka akadondosha karanga.

Halafu akakubali. Alimkubali Murdock, rubani mwenye kichaa, hasa alipoambiwa mwigizaji wake, Sharlto Copley, ni wa hapa hapa Afrika, Afrika Kusini. Alifurahi kukuta B.A. bado anaogopa ndege, na wenzake bado wanamhadaa ili apande. Hannibal naye bado ana sigara yake nene mdomoni na bado anafurahi mpango wake unapofanikiwa. Kila alipokuta kitu alichokijua, mzee aliwageukia wajukuu na kuwaeleza kilikuwaje zamani, na wajukuu, ambao kwa miezi miwili walikuwa wamekatazwa hata kucheka kwa sauti mbele yake, waligundua kwamba babu yao ana hadithi.

Kuna tofauti moja aliyoitaja mara mbili. Katika ile ya zamani, alisema, risasi zilikuwa zinamiminika kama mvua ya masika, magari yanapinduka, lakini watu wanatoka ndani wakijikung'uta vumbi. Ilikuwa nadra kuona mtu anakufa. Katika hii mpya watu wanakufa kweli.

Ilikuwa katika sehemu ya kifaru ndipo mama alipoingia.

Vidonge vya akiba

Maneno yalikuwa mengi jioni ile. Mama alimwambia mwanawe kwamba anataka kumuua babu yake. Mzee alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole: “Mama, mimi nimekuja kukaa kwa mwanangu. Sikuja kulazwa.”

Asubuhi ya Jumatatu mama alimpeleka kituo cha afya, akiwa na uhakika wa kile atakachoambiwa. Muuguzi alimkalisha mzee dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, mkono juu ya meza. Kipimo kikasoma 178 kwa 104. Baada ya dakika chache akapima tena: 174 kwa 102.

“Unaona?” mama alimwambia baba yake. “Ndiyo filamu hiyo.”

Muuguzi aliuliza filamu hiyo iliangaliwa lini. Juzi. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza nyumbani: “Mzee, dawa unameza vipi?”

Mzee alitoa pakiti mfukoni mwa koti. Alipewa vidonge 30 vya mwezi mmoja, kimoja kila siku, wiki nane zilizopita. Vilibaki 19. Alieleza bila wasiwasi, kama mtu anayetoa hesabu nzuri ya matumizi: alikuwa anameza siku ambazo kichwa kinagonga. Siku ambazo anajisikia vizuri anaviweka akiba, ili presha ikipanda asikose.

Mama alimtazama baba yake, akaitazama pakiti. Alikuwa amemlinda asisikie habari mbaya, asione mpira, asisikie kelele. Pakiti hiyo ilikuwa ikining'inia kwenye koti nyuma ya mlango wake muda wote.

Presha haipigi hodi

Wengi katika Bonde la Kilombero, na kwingineko nchini, wanaielewa presha kama mzee huyu na binti yake walivyoielewa: ni kitu kinachopanda mtu akishtuka, akikasirika au akiwa na mawazo, kisha kinashuka na mambo yanaisha. Ikiwa hivyo ndivyo, dawa ni ya siku ya kupanda, na kazi ya familia ni kumwepusha mgonjwa na mishtuko.

Kuna ukweli nusu hapo. Shinikizo la damu la kila mtu hupanda anapokimbia, anapoogopa, anapogombana au anapoangalia kifaru kikianguka. Mwili hutoa homoni zinazofanya moyo uende mbio na mishipa ibane. Jambo likiisha, kwa kawaida shinikizo hurudi lilipokuwa. Huo si ugonjwa.

Ugonjwa ni pale shinikizo linapokuwa juu hata mtu akiwa ametulia, siku hadi siku. Wataalamu huhesabu kuanzia 140 kwa 90, likipimwa zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Damu inayopita kwa nguvu hiyo miezi na miaka huchosha moyo, huharibu figo na macho, na inaweza kupasua au kuziba mshipa wa ubongo. Hicho ndicho kiharusi.

Na mara nyingi mgonjwa hasikii kitu. Kichwa kinaweza kisiume kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.2 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana tatizo hili, na karibu nusu yao hawajui. Kwa hiyo anayemeza dawa kwa kufuata kichwa anafuata kengele ambayo mara nyingi hailii. Dawa nyingi za presha hufanya kazi kwa kumezwa kila siku. Kidonge kilichowekwa akiba hakimlindi mtu.

Muuguzi alimweleza mzee kwa lugha ya kazi yake ya zamani. Reli haikaguliwi siku treni ikianguka. Inakaguliwa kila siku, hata siku ambayo hakuna tatizo, ndiyo maana treni inapita. Mzee aliinua kichwa. “Hapo nimekuelewa,” alisema.

Je, mama alikosea kabisa?

Hapana. Msisimko mkubwa unaweza kumdhuru mtu ambaye moyo wake tayari una tatizo. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Munich na maeneo ya jirani wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006 nchini Ujerumani. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura za moyo ziliongezeka zaidi ya mara mbili ukilinganisha na siku za kawaida, na walioathirika zaidi ni wale waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu awali.

Kwa hiyo mtu aliyepata shambulio la moyo au kiharusi hivi karibuni, anayebanwa kifua, au ambaye presha yake haijadhibitiwa, amuulize kwanza tabibu wake kabla ya kukaa kwenye fainali au filamu ya kushtua. Lakini filamu si mechi ya timu ya mtu. Mtazamaji anajua ni mchezo, na mwenye rimoti anaweza kuusimamisha. Kwa mzee ambaye presha yake imedhibitiwa kwa dawa na hana dalili nyingine, kuangalia filamu anayoipenda, pamoja na watu anaowapenda, si jambo la kuogopwa.

Upweke nao una madhara. Mzee anayefungiwa chumbani kwa jina la kulindwa hatembei, hazungumzi, hali vizuri, na huanza kujiona ni mzigo. Mzee anayejiona ni mzigo haombi nauli ya kwenda kuchukua dawa zikiisha.

Muuguzi aliulizwa swali la mwisho na mama mwenyewe: filamu iendelee au isimame? Jibu lilikuwa kwanza dawa kila siku, na mzee arudi baada ya wiki mbili. Presha ikishuka, na waangalie. Lakini kwa utaratibu.

Utaratibu wa sebuleni

Utaratibu aliowapa unafaa nyumba yoyote yenye mzee, kijana au mtoto anayependa filamu.

Dawa kwanza. Familia ile imeunganisha kidonge na chai ya asubuhi. Mjukuu wa darasa la tano ndiye anayeweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Dawa zikibaki za siku saba, mtu anakwenda kuchukua nyingine, haingojwi ziishe.

Chumvi ipunguzwe. Kiwango cha mtu mzima kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Karanga za chumvi, krispi, chipsi zinazonyunyiziwa mara mbili na samaki wa chumvi humaliza kiwango hicho haraka. Mahindi ya kuchoma, tikiti maji, ndizi mbivu au karanga zisizo na chumvi zinatosha kabisa kwa filamu moja.

Kusimama. Filamu kama The A-Team inachukua karibu saa mbili. Kukaa muda wote huo bila kunyanyuka si kuzuri kwa miguu wala moyo. Kila nusu saa simamisha picha, mzee atembee mpaka uani na kurudi.

Kuangalia mchana, au kujikinga usiku. Ifakara ni mji wenye historia ndefu ya utafiti wa magonjwa, tangu maabara ya Waswisi ilipofunguliwa miaka ya 1950, ile ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Utafiti wa malaria uliofanyika hapo umeonyesha kwamba chandarua kinamlinda aliye ndani yake. Anayekaa nje au kwenye kibanda cha video usiku hajafika kwenye chandarua bado. Vijana wanaopenda vibanda wavae suruali ndefu na mikono mirefu, wajipake dawa ya kufukuza mbu, na homa ikianza wapime.

Dawa za maumivu zitajwe. Mzee wa Mlimba alikuwa pia anameza diclofenac kwa ajili ya goti, anainunua dukani mwenyewe. Dawa za kundi hilo zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Muuguzi alipoambiwa, alimpeleka kwa tabibu apate njia nyingine.

Na kila aliye nyumbani ajue dalili za kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu mmoja kulegea ghafla, maneno kukwama au kutoeleweka. Ukiona hata moja, usimkande, usimlaze asubiri kesho. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na kumbuka dalili zilianza saa ngapi, kwa sababu utaulizwa.

Sehemu ya pili

Baada ya wiki mbili za kidonge kila siku, kipimo cha mzee kilisoma 152 kwa 90. Tabibu akaongeza dawa moja. Wiki nne baadaye kikasoma 136 kwa 84. Mzee aliomba aandikiwe namba hizo kwenye karatasi, akazitia mfukoni mwa koti pale pakiti ilipokuwa inakaa.

Jumamosi iliyofuata, mama hakwenda kununua mpunga. Aliosha vyombo mapema, akakata tikiti, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Filamu ilianzishwa upya, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiona mwisho wake.

Kifaru kilipoanza kuanguka mama alifumba macho. Alipoyafumbua alikuta baba yake anamtazama yeye badala ya televisheni.

“Vipi, mama,” mzee aliuliza, “unajisikiaje?”

“Moyo unanienda mbio.”

“Utatulia tu,” mzee alisema. “Na wewe ulipima lini?”

Mama ana miaka 46. Alifikiri kidogo. Hakuwahi kupima tangu alipojifungua mtoto wa mwisho. Jumatatu walikwenda wote wawili.